Chungu Kikishachemka, Moto Unafanya Nini?

Somo la vikundi: chakula cha nyumbani, kuni na moshi wa jikoni kwetu

Somo letu leo ni la jikoni. Najua wazee wengine watataka kukunja gazeti hapa na kusema hayo ni mambo ya akina mama. Tafadhali mzee, ngoja kidogo. Githeri unaila, kuni zinatoka kwa shamba lako, na mtoto anayekohoa usiku ni wako. Keti tusome pamoja.

Kiongozi wa kikundi, soma kisa hiki kwa sauti, polepole. Ukimaliza, usianze kufundisha. Waulize watu kwanza: mmeona nini katika kisa hiki? Je, kinatokea hapa kwetu?

KISA

Kisa hiki ni changu mwenyewe. Mwaka 2006 nilikuwa mama wa mtoto mmoja wa miezi minane. Nilikuwa nimetoka chuoni na diploma yangu, nazunguka vijijini nikifundisha habari za lishe bora. Nyumba yetu ilikuwa ya mbao, vyumba viwili, na jikoni ni kibanda kando ya nyumba, mabati juu, dirisha hakuna.

Jumamosi ilikuwa siku ya githeri. Nilikuwa nawasha moto saa nne asubuhi, naweka sufuria juu ya mawe matatu, na mtoto namfunga mgongoni kwa leso kwa sababu sikuwa na mtu wa kumwachia. Moto uliwaka mpaka saa tisa. Macho yalitoka machozi, lakini nilikuwa nimezoea. Mama yangu alipika hivyo, na nyanya yangu kabla yake alipika hivyo.

Usiku mmoja wa Jumapili mtoto akaanza kupumua mbio mbio. Kila akivuta pumzi, kifua kinabonyea ndani chini ya mbavu. Tulikaa naye hivyo mpaka kukacha, halafu tukapanda matatu ya kwanza kwenda hospitali. Ilikuwa nimonia. Muuguzi aliyetupokea, mama wa makamo, alimwekea mtoto oksijeni kwanza, ndipo akanigeukia. Nilidhani ataniuliza mtoto anakula nini, na jibu nilikuwa nalo tayari. Lakini aliniuliza hivi: "Mama, wewe hupikia wapi, na mtoto huwa wapi ukipika?"

Nilikosa la kusema. Leso niliyomfunika nayo ilikuwa inanuka moshi hadi pale wodini.

Mtoto alipona. Leo ni kijana, amenipita urefu. Siwezi kusema kwamba moshi peke yake ndio uliomgonjesha, maana nimonia huletwa na viini. Lakini lile swali sijalisahau. Nilikuwa nafundisha watu chakula kiwe cha namna gani, na sikuwa nimetazama hata siku moja kinapikwaje, wala nani analipa gharama ya kukipika.

TUJIFUNZE: MOSHI

Tusifikiri shida hii ni ya watu wachache. Katika sensa ya Kenya ya mwaka 2019, karibu nyumba 55 kati ya kila 100 zilisema kuni ndizo moto wao mkubwa wa kupikia. Gesi imeingia mijini na hata vijijini, lakini wengi wetu tukiishiwa na pesa ya kujaza mtungi tunarudi kwa mawe matatu.

Moshi wa kuni una vumbi laini ambalo jicho halilioni. Linaingia mpaka ndani kabisa ya mapafu. Kwa mtu mzima, moshi wa miaka mingi huleta kikohozi kisichoisha, ugonjwa wa moyo, na mtoto wa jicho. Kwa mtoto mchanga unadhoofisha kinga ya kifua, na viini vya nimonia vinapata nafasi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika mwaka 2020 moshi wa majumbani ulichangia vifo vya watu milioni 3.2 ulimwenguni, na kati yao watoto wa chini ya miaka 5 walikuwa zaidi ya 237,000.

Sasa wengine watasema, dawa ni kununua jiko bora. Ni kweli majiko haya yamesaidia. Tangu miaka ya 1980 akina mama wa Maendeleo ya Wanawake walieneza lile jiko la kuni lenye ukuta wa udongo wa kuchomwa ndani yake, ambalo huko magharibi liliitwa Upesi. Linapunguza kuni, na sufuria inakaa imara, haimwagikii mtoto. Lakini ni lazima tuambiane ukweli. Utafiti mkubwa uliofanywa Malawi na kuchapishwa mwaka 2017, wenye watoto zaidi ya 10,000, uligundua kwamba nyumba zilizopewa majiko ya moshi mdogo hazikuwa na nimonia chache kuliko nyumba zilizoendelea na moto wa kawaida. Kwa nini? Huenda ni kwa sababu moshi ulikuwepo bado, wa jikoni na wa kuchoma takataka na wa jirani. Kwa hivyo jiko jipya si hirizi. Lazima tubadilishe pia namna tunavyopika na mahali mtoto anapokaa.

TUJIFUNZE: CHUNGU KINACHOCHEMKA

Hapa ndipo penye kiini cha somo. Chukua sufuria ya maji, iweke motoni mpaka ichemke. Ongeza kuni tatu zaidi. Je, maji yamekuwa moto zaidi? Hapana. Maji yakishachemka hayapandi joto tena hata ukichoma mti mzima. Kuni zile tatu zinafanya kazi moja tu: kugeuza maji kuwa mvuke. Unakauka mchuzi, unaongeza maji, unaongeza kuni, na moshi unakuongezea wewe.

Sisi wa nyanda za juu tuna shida nyingine. Mombasa, kando ya bahari, maji huchemka kwa digrii 100. Nyahururu, kama mita 2,300 juu ya bahari, yanachemka kwa digrii 92 hivi. Ndiyo sababu mtu wa pwani akija huku anashangaa maharagwe yetu hayaivi. Si kwamba moto wetu ni baridi, ni kwamba maji yetu yanachemka mapema. Chakula kinahitaji muda mrefu zaidi, na ule muda tumekuwa tukiulipa kwa kuni.

Basi jiulize: ikiwa chungu kimeshachemka, chakula kinataka nini? Kinataka joto lisiondoke. Hakitaki moto mkubwa. Ni kama mtoto aliyetoka kuoga maji moto: humrudishi kwenye beseni, unamfunika blanketi. Na chungu kinaweza kufunikwa blanketi.

HATUA: KAPU LA JOTO

Jambo hili si jipya. Wengine mmeliona kwenye mafunzo ya zamani, mkalisahau. Vitu unavyohitaji viko nyumbani.

1. Tafuta kapu kubwa au katoni ngumu, pana kuliko sufuria yako kwa kiganja kimoja kila upande.

2. Tandika chini nyasi kavu, majani makavu ya mgomba, au nguo kuukuu, unene wa kiganja. Shindilia kidogo.

3. Simamisha sufuria tupu katikati, ujaze pande zote mpaka shimo la sufuria lijishike lenyewe. Funika zile nyasi kwa kitambaa ukikishona, zisianguke ndani ya chakula.

4. Shona mto mnene wa kufunika juu, uujaze vitu vile vile. Usiache mwanya. Joto ni kama mwizi, linatafuta ufa.

5. Sufuria iwe na kifuniko kinachobana, na iwe imejaa nusu au zaidi. Sufuria yenye chakula kidogo hupoa upesi.

6. Kabla ya kuiweka, pangusa sufuria chini. Hakikisha hakuna kaa hata moja lililoshika pale. Nyasi kavu na kaa la moto haviishi nyumba moja.

Mama mkwe wangu aliponiona mara ya kwanza nikifunika sufuria kwa blanketi alisimama mlangoni akaniuliza, "Mwanangu, githeri nayo ni mgonjwa?" Siku hiyo nilinyamaza. Jioni alikula sahani mbili, na wiki iliyofuata akanituma mjukuu aje kuomba kipimo cha kapu.

KUPIKA GITHERI KWA KAPU

Githeri, au isyo kwa Wakamba, au nyoyo kwa Waluo, ndicho chakula kinachokula kuni nyingi kuliko vyote. Basi tuanze nacho.

Usiku: Chagua mahindi na maharagwe, toa mawe na punje zilizooza au zenye ukungu. Punje ya ukungu usimpe hata kuku, maana sumu yake haiondoki kwa kupika. Wakumbukeni ndugu zetu wa Makueni na Kitui mwaka 2004, ambako mahindi yenye ukungu yaliua watu zaidi ya 100 katika eneo lile la mashariki. Osha, loweka kwa maji mengi, yapite juu ya nafaka kwa vidole vinne. Yalale.

Asubuhi: Mwaga maji ya kulowekea. Hayo ndiyo yanayoleta gesi tumboni. Weka maji mapya, funika, chemsha. Yakishachemka kwa nguvu, hesabu dakika 45. Usipunguze hapa. Maharagwe mekundu yana sumu yake ya asili ambayo mchemko mkali ndio unaoivunja. Ukiyaweka kwenye kapu kabla hayajachemka sawasawa, yatawatapisha watu, halafu mtalaumu kapu.

Ondoa motoni sufuria ikiwa bado inatokota, usifunue kifuniko, itie kapuni mara moja, funika kwa mto. Zima moto. Nenda shambani, nenda kikundini, nenda kanisani. Usifungue kuchungulia. Kila ukichungulia unapoteza joto.

Baada ya saa nne au tano: Fungua. Chakula kiwe moto kiasi kwamba huwezi kutia kidole. Kirudishe motoni, kichemke tena mpaka kiive vizuri, tia viazi, kabeji au karoti, kaanga kitunguu kama unacho. Ikiwa maharagwe ni ya zamani na bado magumu, yape nusu saa zaidi, na mara ijayo uongeze dakika za asubuhi.

Onyo: Usiache chakula kapuni usiku kucha. Kikishakuwa vuguvugu, viini vinazaana. Ukikuta kimepoa na kina harufu, kitupe. Hasara ya sufuria moja ni ndogo kuliko kuharisha kwa nyumba nzima.

Nyumbani kwangu moto wa githeri ulikuwa unawaka saa tano. Sasa unawaka saa moja na nusu hivi, asubuhi na jioni zikijumlishwa. Ni chakula kile kile na watu wale wale.

Wali nao unaenda vizuri: chemsha dakika 5, kapuni muda wa saa moja, tayari. Ugali usijaribu. Ugali unataka moto na mkono.

HABARI YA MAGADI

Wengi wetu tukiona maharagwe magumu tunatupa kipande cha magadi. Ni kweli magadi yanalainisha. Lakini yanaharibu baadhi ya vitamini za kundi B, na yana chumvichumvi ambayo si nzuri kwa wazee wenye presha. Kulowekwa usiku kucha kunafanya kazi ile ile bila kuharibu. Ukilowekea na kutumia kapu, magadi utayasahau yenyewe.

KUNI NA CHUMBA CHA KUPIKIA

Kapu halimalizi moto wote. Ule mdogo unaobaki tuutunze hivi:

Kuni ziwe kavu. Kuni mbichi zinatumia moto wake kukausha maji yake mwenyewe kabla hazijapasha sufuria, na moshi ndio unaojaa. Pasua nyembamba, panga chini ya paa zipigwe na upepo miezi kadhaa. Kuni za mvua ya mwezi wa nne zikatwe mwezi wa kwanza.

Toboa dirisha. Hata tundu la matofali mawili juu ya ukuta, na jingine upande wa pili, litavuta moshi nje. Acha mwanya chini ya mabati. Hapa ndipo wazee wanapohitajika, kwa sababu ukuta ni wa mzee, nyundo ni ya mzee, na mama akisema peke yake huambiwa tutaangalia.

Mtoto asikae kwa moshi. Tandika mkeka nje, kivulini, mtu amwangalie. Kama huna mtu, panga zamu na jirani: leo mimi napika, wewe unalea, kesho wewe unapika.

Jiko la makaa lisiingie chumba cha kulala. Mwezi wa sita na wa saba baridi inapouma, kila mwaka tunasikia watu wamelala na jiko ndani na hawakuamka. Makaa hayatoi moshi unaoonekana, lakini yanatoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Hata yakiwa yamegeuka majivu juu, chini bado yana sumu. Jiko lilale nje.

DALILI ZA HATARI

Hii mama na baba wote waijue. Mtoto akikohoa au akipumua kwa shida, mtulize, mfunue kifua, umhesabie pumzi kwa dakika moja nzima ukitumia saa au simu.

Mtoto wa chini ya miezi 2: pumzi 60 au zaidi ni hatari.
Miezi 2 hadi chini ya 12: pumzi 50 au zaidi.
Mwaka 1 hadi chini ya 5: pumzi 40 au zaidi.

Kifua kikibonyea ndani anapovuta pumzi, au akishindwa kunyonya, usingoje kuche kama nilivyongoja mimi. Nenda usiku huo huo. Na chanjo zake zote azimalize. Ile ya kukinga nimonia imekuwa ikitolewa katika kliniki zetu tangu mwaka 2011.

KAZI YA KIKUNDI

Msiamini kwa sababu imeandikwa gazetini. Pimeni wenyewe. Siku ya mkutano, leteni sufuria mbili zinazolingana, mahindi na maharagwe yaliyolowekwa pamoja, na mizigo miwili ya kuni inayolingana uzito. Sufuria moja ipikwe mtindo wa zamani mpaka iive, ya pili kwa kapu. Mwishowe hesabuni kuni zilizobaki kila upande, na mle mwonje. Mwekahazina aandike kwenye daftari.

Kisha fikirieni hivi. Vikundi vingi vina mzunguko wa kuchangiana pesa kila mwezi. Mzunguko huo huo unaweza kuwa wa mikono. Wanachama 12, kila mwezi jikoni kwa mmoja: wanaume watoboe dirisha na kutengeneza mahali pa kuni, wanawake washone kapu. Kwa mwaka mmoja nyumba zote 12 zimeonekana, na hakuna aliyekopa.

MASWALI YA KUJADILI

1. Nyumbani kwako, moto huwaka saa ngapi kwa siku? Katika hizo, ngapi chungu huwa kimeshachemka?

2. Nani huokota kuni? Kama ni msichana wa shule, hukosa nini siku hiyo?

3. Saa tatu au nne za Jumamosi zikirudi mikononi mwa mama, zifanye kazi gani? Au apumzike? Wazee wajibu kwanza.

4. Yule muuguzi akija jikoni kwako leo akuulize, "Hupikia wapi, na mtoto huwa wapi ukipika?" utamjibu nini?

Swali la nne msilijibu kwa haraka. Nendeni nalo nyumbani, mlitazame mkiwa mbele ya moto wenyewe, halafu mrudi nalo mkutano ujao.